Singida Hapa, Naomba Neno

Singida Mjini
4 Novemba 1995

Mpwa wangu Belinda,

Salamu nyingi zikufikie huko Dar na joto lake. Sisi huku ni wazima. Mama Esta wangu anakohoa kidogo lakini kwaya hajaacha, kwa hiyo naona ni kikohozi cha kuchagua saa. Mama yako nilimkuta kijijini Mungaa wiki jana, anasubiri mvua kama sisi wote, mbegu za alizeti ameshazitenga. Nasikia ninyi watu wa Dar mnarudia kupiga kura. Sisi tulipiga mara moja ikatosha, labda kwa kuwa tu wepesi wa kuelewa.

Sasa ile mashine ya kompyuta uliyoninunulia. Imefika salama. Kondakta wa basi aliipakata toka Manyoni kwa sababu ya mashimo ya barabarani, akaniambia hata mwanawe hajawahi kumpakata hivyo. Mama Esta nilikuwa nimemwambia tu kwamba kiinua mgongo cha reli kimenunua mashine. Aliizunguka mara mbili, akauliza unga unatokea wapi.

Nimeiweka kwenye kile chumba nilichopanga karibu na stendi. Nimefuata maelekezo yako, disketi ya kwanza ya mchezo, kisha ya pili. Na Belinda, treni ikatokea. Ina moshi na kila kitu. Nimekuwa stesheni masta miaka ishirini na sita, na tangu wanipunguze kazi pale Itigi ni miezi minane, sikutegemea kuona tena treni inayonisubiri mimi. Nilishika meza.

Lakini haikuondoka. Imeandika kwa Kiingereza kwamba nifungue kitabu, ukurasa wa kumi na tisa, mstari wa sita, nichape neno la tatu. Kitabu gani? Kwenye boksi hakuna kitabu, na blanketi ulilofungia mashine nimelikung'uta. Nadhani ulisahau kukiweka. Bila mchezo huu sina cha kuwaonyesha watu, na chumba nimeshakitangaza.

Niandikie hilo neno. Mashine sijaizima. Treni ikisimama kwenye ishara nyekundu, dereva hazimi injini akaenda kwake kulala. Nimeifunika kwa kitenge cha Mama Esta kuzuia vumbi, na nimeweka kibao: ISIGUSWE, INASUBIRI JIBU.

Mjomba wako anayesubiri pia,
Sixbert


Dar es Salaam
14 Novemba 1995

Mjomba Sixbert,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila joto la hapa linatutoa jasho hadi kwenye karatasi. Ndiyo maana barua zote nakuchapia badala ya kuandika, wino unavujia mkononi. Sara ninayekaa naye chumba kimoja anakusalimia, anasema asali uliyotuma imeisha, na mimi nasema aliimaliza yeye.

Mjomba, tafadhali izime hiyo mashine. Nimecheka mpaka Bosi akatoka ofisini kwake kuuliza kuna nini. Hiyo si treni. Na kitenge kitaichemsha kama kande.

Kitabu sikusahau. Kitabu si changu. Mchezo ni wa mtoto wa Bosi. Bosi mwenyewe, Bwana Urbano, aliununua safarini Ulaya. Mtoto alikuja kuucheza hapa ofisini, na siku moja mchana nikanakili disketi zake kwenye disketi zetu tupu. Disketi zinanakilika, Mjomba, ni dakika kumi. Kitabu hakinakiliki kwa dakika kumi, kina kurasa mia na themanini. Waliotengeneza mchezo wanajua hivyo, ndiyo maana kila ukiuwasha unakuuliza neno la kitabuni. Aliyenunua anacho. Aliyenakili hana, anabaki anaitazama treni ikifuka moshi.

Kitabu kiko kwenye kabati la Bosi, na funguo za kabati ninakaa nazo mimi kwa ajili ya nyaraka za mizigo. Neno lako nimelichungulia, liko kwenye kikaratasi hiki nilichobana. Lakini Bosi hajui lolote kuhusu jambo hili, na akijua, kibarua changu kimeota nyasi. Kwa hiyo hili libaki kati ya Singida na mimi.

Mpwa wako,
Belinda


Singida Mjini
25 Novemba 1995

Mpwa wangu Belinda,

Marahaba. Mvua ya kwanza imenyesha, mama yako ameshapanda, na mbuzi wa jirani ameshala mistari miwili. Mama Esta kikohozi kimepona siku ambayo kwaya ilipewa safari ya Kilimatinde.

Neno lako lilifika Jumatatu. Jumapili, siku moja kabla, siku ya kumi na sita ya kusubiri, Mama Esta alipitia chumbani na sare za kwaya akaona ile soketi ni nzuri kwa pasi. Alichomoa mashine, akachomeka pasi, akanyoosha mikunjo sita, akachomeka mashine. Kibao alikisoma. Ananiambia kilisema isiguswe, na yeye hakuigusa, aligusa waya.

Jumatatu nikaiwasha nikiwa na neno mkononi. Ikaniuliza ukurasa wa hamsini na nne. Nikakaa kitako.

Halafu nikaelewa, na nikuambie nilichoelewa. Hii ni tokeni. Unakumbuka ulipokuwa mdogo ukija likizo Itigi, kile kipande cha chuma nilichokuwa nampa dereva dirishani? Njia ni moja, tokeni ni moja. Dereva asiye nayo mkononi haingii njiani, hata awe amembeba waziri. Wewe ulidhani ni zawadi ukalilia. Waliotengeneza mchezo huu ni watu wa reli, hata kama hawajijui. Nimewaheshimu.

Sasa nimefungua daftari, kama lile la treni. Nawasha, inauliza, naandika swali, nazima, nawasha tena. Nimefanya hivyo mara mia mbili na kumi. Maswali hayazidi sabini na mawili, yanazunguka tu. Orodha yote nimeiweka humu. Ukiwa unachungulia, chungulia na haya.

Mjomba wako,
Sixbert

Nilichosema kuhusu kuheshimu nimekisema kutoka moyoni. Lakini chumba kinafunguliwa Februari.


Dar es Salaam
9 Januari 1996

Mjomba Sixbert,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Krismasi tulikula pilau la Sara, mchele mbichi juu, ukoko chini. Mwambie Mama nimepata kile kitambaa alichotaka, kitakuja na basi.

Orodha yako ilinishtua. Maneno sabini na mawili ni chakula changu cha mchana cha wiki tano. Bosi akienda kula, mimi nafungua kabati, napekua, naandika, narudisha. Alhamisi iliyopita alirudi kuchukua miwani akanikuta na kitabu wazi. Nilimwambia najifunza Kiingereza. Akaniambia vizuri sana, Belinda, endelea hivyo hivyo. Nilijisikia vibaya hadi jioni, nikasema basi, inatosha. Kwa hiyo unayo sitini na manane. Manne yaliyobaki siyatafuti. Ikikuuliza moja kati ya hayo, izime, iwashe tena, itauliza lingine.

Kuhusu tokeni, umenifurahisha lakini sikubaliani nawe. Tokeni ipo ili treni mbili zisigongane. Hapa mtoto wa Bosi akicheza kwao Upanga na wewe ukicheza Singida, nani anagongwa? Njia ni mbili, Mjomba. Kila mtu na treni yake.

Ila usiniandikie tena habari hizi kwa anwani ya ofisi. Tumia ya Sara, iko nyuma ya bahasha. Hiki kibarua ndicho kinachomsomesha mdogo wangu, unajua.

Mpwa wako,
Belinda


Singida Mjini
19 Februari 1996

Mpwa wangu Belinda,

Marahaba mara tatu, maana nina furaha. Mtama umesimama vizuri, mama yako amepata kitambaa na ameshakigawa nusu, na Mama Esta ananiita meneja.

Jumamosi tumefungua. Mgeni rasmi alikuwa Mzee Mughwai, mwenyekiti wetu wa mtaa, kavaa koti la suti. Madereva wa malori ya Shelui walisimama dirishani, kwaya ikaimba. Saa nne kamili nikawasha mashine. Unajua tena shetani hapitwi na sherehe: kati ya maneno sabini na mawili, ikaniuliza moja la yale manne.

Najua uliniambia niizime niwashe tena. Lakini Belinda, nilikuwa nimeshawaeleza watu wote habari ya tokeni, kwamba mashine ikiuliza lazima ijibiwe. Mzee Mughwai alikuwa ameshavua kofia. Stesheni masta hawezi kuzima ishara mbele ya abiria. Nikawaambia nusu saa, nikakimbia posta, nikaomba simu ya Dar.

Nilitaka nikupate wewe. Akapokea mwanaume, akasema umepeleka nyaraka bandarini. Usiogope, jina lako sikulitamka. Kwenye simu ya reli mtu hataji jina, inasema stesheni. Nikamwambia: Singida hapa, naomba neno, kitabu cha treni, ukurasa wa thelathini na moja, mstari wa tisa, neno la nne. Nikasikia kabati linafunguliwa. Kisha akanisomea neno polepole, herufi kwa herufi, muungwana kabisa, na mimi nikalirudia kama ulivyo utaratibu wa reli. Akauliza, Singida? Nikasema ndiyo, Singida. Akasema asante, nimeelewa.

Nikarudi mbio, nikachapa, treni ikaondoka. Watu wakapiga makofi, Mzee Mughwai akaomba apige honi. Mtengenezee chai huyo Bwana Urbano kwa niaba yangu, ila usimwambie kwa nini.

Mjomba wako mwenye furaha,
Sixbert


Singida Mjini
16 Machi 1996

Mpwa wangu Belinda,

Salamu. Hatujapata barua yako. Labda posta. Huku wote wazima, na chumba kinajaa Jumamosi. Kwenye mchezo nimejenga njia toka Manyoni hadi kwetu, na nikaweka stesheni Mungaa, mama yako akishuka anashukia mlangoni.

Andika hata mistari miwili.

Sixbert


Dar es Salaam
30 Machi 1996

Mjomba,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Mimi ni mzima sana, kazi nyingi tu. Sara anawasalimia. Mvua za huku zimeanza, mtaa wetu wa Mwananyamala umekuwa ziwa Singidani, tumekosa wale ndege heroe tu.

Nimefurahi sana kwa ufunguzi. Hongera kwa treni kuondoka. Bosi chai nilimpa.

Mdogo wangu ada yake ya muhula huu itachelewa kidogo, mwambie Mama asiwe na wasiwasi, nitatuma. Simu ya ofisini usiipige tena, laini ni mbovu.

Belinda


Singida Mjini
13 Aprili 1996

Mpwa wangu,

Marahaba. Leo salamu ni fupi, wote wazima.

Mimi kazi yangu ilikuwa kujua treni ina shida kabla haijafika, kwa kusikiliza reli. Barua zako zote tangu upate kazi zilichapwa. Hii umeandika kwa mkono, kwenye karatasi ya daftari. Ada haijawahi kuchelewa. Na habari ya Bosi ni chai tu, wewe ambaye huwezi kumaliza ukurasa bila kumsema.

Nimejiuliza swali moja kichwani tangu juzi, nalo ni hili: katika ofisi ile, ni wangapi wanatoka Singida?

Ni wewe peke yako, Belinda. Jina sikutaja, nikataja stesheni. Ningetaja jina la mtu mwingine yeyote ingekuwa nafuu.

Uliniambia hapa njia ni mbili, treni hazigongani. Zimegongana, mpwa wangu, na wewe ndiye uliyekuwa katikati. Na aliyekaa kwenye simu ni mimi. Miaka ishirini na sita sikuwahi kugonganisha hata toroli. Naona aibu hata kumwangalia Mama Esta.

Niambie kweli.

Sixbert


Dar es Salaam
2 Mei 1996

Mjomba wangu,

Shikamoo. Kweli ni hiyo uliyoandika.

Nilirudi toka bandarini saa saba. Kitabu kilikuwa juu ya meza yangu, kimefunguliwa ukurasa wa thelathini na moja. Bwana Urbano hakunipigia kelele. Aliniuliza tu kama ni kweli mchezo wa mwanawe una pacha Singida. Nikashindwa kudanganya. Akasema, Belinda, mchezo mimi siulilii, lakini kabati hilo lina nyaraka za wateja, na leo umelifungua kwa ajili ya mjomba, kesho utalifungua kwa ajili ya nani? Akanilipa hadi siku ile, nikarudisha funguo.

Sikukuandikia kwa sababu nisingeweza kuandika bila kukulaumu, na sikutaka kukulaumu. Nilikulaumu, nisikudanganye. Wiki mbili nzima nilikuwa nikifua nakusema kwa sauti. Sara akasema nguo zinatoka safi kuliko siku zote. Halafu nikakumbuka nani alinakili disketi. Wewe uliomba treni tu.

Sasa nauza mitumba na Sara. Inatuweka mjini, haitoshi ada. Mama usimwambie bado.

Na usifunge chumba. Ukifunga, nitakuwa nimefukuzwa bure.

Belinda


Singida Mjini
8 Juni 1996

Mpwa wangu mpendwa Belinda,

Marahaba. Mama yako amevuna, gunia za alizeti amezipanga hadi huwezi kupita sebuleni. Nilimwambia. Najua ulinikataza, lakini alikuwa ameshajua, maana na yeye anasoma mwandiko. Hakukasirika na wewe. Kwangu mimi alisema maneno ya Kinyaturu ambayo hayaandikiki, kisha akauza gunia nne, ada imekwenda.

Chumba nilikifunga siku ile ile niliyokuuliza kweli, kabla hujanijibu. Sikukuambia. Dereva akifika stesheni anarudisha tokeni, haendi nayo nyumbani. Barua yako ilipofika nikachukua disketi zako na lile daftari la maneno, nikavituma kwa Bwana Urbano kwa rejista ya posta. Nikaambatanisha Maelezo ya Ajali, kwa utaratibu wetu wa reli: mahali, saa, nani alikuwa zamu, kosa la nani. Niliandika kosa ni la stesheni masta wa Singida, aliyeomba njia asiyostahili, na kwamba mpwa wake alifungua kabati kwa huruma, si kwa tamaa. Niliandika pia kwamba tokeni haipo kuzuia treni kwenda, ipo ili kila aliye njiani ajulikane kwamba yupo. Mimi nilitaka kwenda bila kujulikana, na nikajitangaza mwenyewe kwa simu.

Wiki tatu kimya. Juzi kondakta akashusha boksi. Ndani kuna disketi za mchezo, zile zenyewe za Ulaya, na kitabu, kurasa mia na themanini. Na barua. Anasema kazi yako ameshampa mtu mwingine na hawezi kumwondoa. Anasema mwanawe yuko shule ya bweni, treni haziangalii tena. Anasema katika miaka yote ya biashara hajawahi kuona mtu anayeomba ruhusa kwa simu ya masafa marefu ya kitu alichokwisha kukiiba. Amekuandikia na wewe karatasi moja ya kukutambulisha kazini, nimeibana hapa. Isome ukiwa umekaa.

Kwa hiyo, Belinda, sasa nina kitabu na wewe huna kazi. Nimekiangalia kitabu hicho siku mbili sijakifungua. Kama kukirudisha kungekurudishia funguo, ningekirudisha leo.

Lakini nisikilize. Mwalimu Chediel wa sekondari ameuliza kama mashine hii inaweza kuchapa mitihani. Katekista ameuliza kuhusu ratiba za ibada. Mzee Mughwai anataka barua na matangazo ya mtaa. Wote nimewajibu kwamba mashine inaweza, ila mimi nachapa kwa kidole kimoja, na kidole chenyewe ni cha kupigia kengele. Hapa mjini hakuna mtu mwenye mikono yako. Chumba ni chako, mchana uchapaji, jioni treni. Sikuiti kwa huruma. Nakuita kwa sababu nakuhitaji, na kwa sababu nimekukosa.

Jana nimeweka disketi halali, nimewasha. Imeuliza ukurasa wa kumi na tisa, mstari wa sita, neno la tatu. Lile lile la kwanza kabisa. Nalijua, kikaratasi chako ninacho hadi leo kwenye kofia. Sikulichapa. Sijaizima. Nimetoa kitenge ili isichemke, na soketi nimemchorea Mama Esta alama nyekundu.

Nakusubiri stesheni,
Mjomba Sixbert


SIMU YA MAANDISHI
DAR ES SALAAM 17 JUNI 1996
KWA SIXBERT SINGIDA

DAR HAPA NAOMBA NJIA. NAONDOKA NA BASI ALHAMISI. USICHAPE BILA MIMI. BELINDA


SIMU YA MAANDISHI
SINGIDA 18 JUNI 1996
KWA BELINDA DAR ES SALAAM

SINGIDA HAPA. NJIA IKO WAZI. MAMA ESTA AMECHOMOA TENA LAKINI WEWE NJOO.